Kipande cha Bega

Picha ya kwanza asubuhi ile ilikuwa ya kituo cha mabasi, katika mji ambao Mwanne hakuujua jina, mji wa watu waliovaa makoti mazito na kutembea wameinamisha vichwa. Walikuwa kumi na mmoja. Akamzungushia kila mmoja boksi lake, fremu ya mistari minne juu ya kioo, kuanzia utosini hadi kwenye soli ya kiatu, bila kubakiza hewa pembeni wala kukata unywele. Kisha akarudi nyuma ya nguzo ya taa, mahali ambapo wavivu hawafiki, akaona kiwiko. Kiwiko tu, ndani ya mkono wa koti. Mwongozo wa kazi haukuwa na mzaha juu ya jambo hilo: kinachoonekana cha mtu ni mtu, hata kiwe kipande cha bega, na kipewe boksi lake, ukimsahau mmoja, picha nzima imeharibika. Mwanne akakizungushia kile kiwiko, akatuma. Watu kumi na wawili.

Kwa miezi saba hakuwahi kusahau mtu. Ndivyo ukurasa wa akaunti ulivyosema, ingawa ulimsema kaka yake, Kasiani, kwa kuwa akaunti ilikuwa ya Kasiani: jina lake, kitambulisho chake, picha yake ndogo akiwa amekunja uso kwa jua la Kilosa. Pembeni ya jina kulikuwa na kitone cha kijani ambacho huwaka mwenye akaunti anapokuwa kazini. Kilikuwa kinawaka sasa, maana Mwanne alikuwa ameketi sebuleni kwao Mbumi, miguu juu ya stuli, kompyuta ya kaka yake mapajani.

Mama yake, Bi Mwanvua, alipita na beseni la majani ya maboga akielekea uani. Akasimama nyuma ya kiti, akainama, akakitafuta kile kitone kwa macho yake yaliyoanza kuingia ukungu.

"Kaka yako kaamka," alisema.

"Kaamka, mama."

"Alhamdulillahi." Akaenda zake kuchambua mboga.

Maana ya kitone hicho alikuwa amefundishwa na Kasiani mwenyewe, zamani, alipokuwa akijifungia chumba cha nyuma siku nzima na picha zake. Alimwambia mama asigonge mlango. Akiona kijani kwenye simu ajue mwanawe yu mzima na yuko kazini. Kasiani alipoondoka, mama akaendelea kutazama palepale alipozoea, na kijani kikaendelea kuwaka. Hakuuliza kiliwakaje mtu akiwa mbali hivyo, kwa sababu mambo ya mtandao yote kwake yalikuwa mbali sawasawa. Mwanne alitaka kumweleza wiki ya kwanza. Wiki ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na kufikia mwezi wa tatu ilikuwa kama kumnyang'anya mgonjwa uji mkononi.

Walikuwa wawili tu, Kasiani na Mwanne. Babu yao aliletwa Kilosa na kazi ya reli, na baba yao, Mzee Cosmas, akaishia kwenye reli hiyohiyo mpaka alipostaafu na kufa. Yeye alikuwa Mkatoliki, mkewe Mwislamu, wakapatana kabla ya ndoa kwamba wavulana watakuwa wa baba na wasichana wa mama. Katika nyumba ile mtoto mmoja alikwenda madrasa na mwingine mafundisho ya komunyo, wakarudi wakagombea kiti kimoja. Baba alimwachia Kasiani shati lake la kazi, la kaki, lenye kamba mabegani zilizofungwa kwa vifungo vya shaba. Kifungo cha bega la kushoto kilipopotea, mama alishona chekundu badala yake, kilichotoka kwenye gauni lake kuukuu. Kasiani hakukubali kibadilishwe.

Kazi za picha, za kufundisha kompyuta kutambua watu na vitu, alizianza miaka minne iliyopita, alipokosa ajira ya kueleweka. Jukwaa lenyewe lilikuwa la kigeni, lakini lilikuwa na kundi la maongezi la wafanyakazi wa Tanzania, watu kama mia nne hivi, na humo ndimo maisha yalimokuwa. Waliulizana kazi ipi inalipa na ipi inapoteza macho bure. Walilalamikia umeme. Na walizungumzia safari za nje, asubuhi mpaka jioni, kwa jinsi ambayo watu wengine huzungumzia mpira. Fulani yuko Poland, anaosha vyombo lakini mwenyewe katulia. Fulani alikataliwa viza mara ya tatu. Watu hawa walikuwa wameizungushia maboksi miji ya Ulaya kona kwa kona, wakijua pipa la taka liko wapi na baiskeli zinaegeshwa wapi, na wengi wao hawakuwa na pasipoti. Hata utani wao ulikuwa wa safari. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi inapita kijiji kiitwacho Ulaya, na siku moja Kasiani alipiga picha kando ya kibao cha kijiji hicho, akaituma kundini na maneno: nimefika, tena bila viza. Watu walicheka wiki nzima.

Januari, mtu aliyejiita Brayan alileta tangazo. Kampuni ya huko Asia ilihitaji watu waliokwisha kuzoea kazi za picha. Tiketi wanalipa wao, malazi wanatoa wao. Kutoka upande wa Kilosa waliondoka wanne: Kasiani, Obed wa Ruhembe, Oswald wa Magole, na kijana mmoja wa Mikumi aliyeitwa Innocent. Baada ya wao kupanda ndege, Brayan alitoka kundini na hakuonekana tena. Watu wakasema labda amebadilisha namba.

Kulikuwa na sheria ya jukwaa ambayo kila mtu aliijua. Mwenye akaunti akihama nchi lazima atoe taarifa, akaunti isimamishwe. Na mtu mwingine haruhusiwi kuigusa, awe mke, awe pacha. Ikilala siku kumi na nne inashushwa daraja mpaka chini kabisa. Kasiani alikuwa amepanda daraja la juu kwa miaka minne ya kuumwa shingo, na usajili wa watu wapya nchini ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo hakutoa taarifa yoyote. Alimkalisha mdogo wake wiki mbili, akamfundisha kila kitu, hata namna yake ya kuandika kundini, maneno machache na salamu ya "wakuu" mwanzoni. Siku ya kuondoka, kwenye stesheni ya treni mpya, akiwa amevaa shati la baba ili apate baraka zake, alimwambia neno moja tu la maana.

"Usiiache ilale, Mwanne. Nikikwama huko, hiyo ndiyo itakayonirudisha."

Ujumbe wake wa mwisho ulikuja katikati ya Februari. Alisema huku simu zinakusanywa, wasihofu akikaa kimya, na akaunti isilale.

Haikulala. Mwanne aliifanyia kazi kuliko hata mwenyewe. Na kulikuwa na jambo ambalo alilijua na hakulitamka hata moyoni: alipenda kuwa Kasiani. Yeye Mwanne alikuwa ameuza vocha, ameuza kwenye duka la vipodozi la watu, amesimama steshenari kupiga fotokopi, na hakuna mahali ambapo mtu alimsubiri aseme neno. Kasiani akiandika kundini, watu kumi walijibu. Walimwita kaka, walimwomba ushauri wa picha ngumu, naye alijibu vizuri kwa sababu alikuwa anajua. Mama alipata dawa zake za presha kwa wakati. Bati la jikoni lilibadilishwa. Mtu anaweza kuipenda hali ya namna hiyo bila kumtakia kaka yake baya lolote, na Mwanne hakumtakia.

Ndipo ikaja ile siku ya mwezi wa nne.

Aliyeandika alikuwa Costancia wa Mikumi, mwanamke mtu mzima ambaye kundi lilimheshimu kwa kuwa hakuwa na maneno mengi. Alisema amepata habari mbaya. Kampuni ile haikuwa kampuni. Vijana wamefungiwa ndani ya ua wenye seng'enge, wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na asiyefikisha idadi anapigwa. Liko shirika linalosaidia waliokwama, linakusanya majina. Yeye anao Obed, Oswald na Innocent. Halafu akaandika mstari mwingine: kaka Kasiani naye alikuwa msafiri, lakini kitone chake nakiona kinawaka kila siku. Kaka, upo? Ulikwenda au hukwenda?

Wasimamizi wa jukwaa walisoma kila kilichoandikwa mle. Wiki moja kabla yake walikuwa wamemfungia Alfred wa Dumila kwa sababu mkewe alimshikia kazi alipolazwa, na Alfred aliomba radhi mpaka watu wakaona aibu kusoma. Kitone cha Kasiani kilikuwa kinawaka. Kunyamaza kusingewezekana. Mwanne alikaa na vidole juu ya herufi, kisha akaandika kwa namna aliyofundishwa: "Wakuu, nipo Kilosa. Safari nilighairi dakika za mwisho. Poleni sana kwa wenzetu."

Walijibu zaidi ya arobaini. Mungu kakuepusha, kaka. Una nyota kali, kaka. Mwanne akafunga kompyuta akaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

Alikusudia kumwandikia Costancia pembeni, faraghani, amweleze ukweli. Alikusudia siku hiyohiyo. Lakini je, Costancia akimwambia msimamizi? Je, habari ikimfikia mama kwa mdomo wa jirani? Na huenda Kasiani hakuwa na hao wenzake. Huenda walitenganishwa uwanja wa ndege, yeye akapata kazi ya kweli. Si alisema wasihofu? Si alisema akaunti isilale? Mwanne aliyashika maneno hayo mawili na kila asubuhi akayatumia, na mwezi wa nne ukaisha, na wa tano.

Mwezi wa nane Costancia alimwandikia Kasiani pembeni. Alisema watatu wamerudi. Obed yuko Mikumi, nyumbani kwa Costancia, akitibiwa, na Jumamosi wanakundi wa karibu wanakwenda kumpa pole, na yeye aje. Mwanne alisoma neno "watatu" mara nyingi. Akajibu kwamba kazi zimembana, atamtuma dada yake.

Alimwambia mama anakwenda kumwona mgonjwa, akabeba mchele kilo tatu, akapanda basi la saa moja. Walipopita Ulaya alikiona kile kibao, akageuza uso upande wa pili.

Costancia alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya gesti moja kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Zambia yakipita vikombe vinagongana kabatini. Mwanne alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapokewa mchele kwa mikono miwili. Wanakundi wengine walikuwa wameshakuja na kuondoka. Obed alikuwa uani, kwenye mkeka, kivulini. Alivaa mikono mirefu na joto lile lote, na hakuegemea ukuta ingawa ulikuwa karibu na mgongo wake. Kijana wa miaka ishirini na minne, mtoto wa wafugaji waliohamia Ruhembe kutoka kanda ya ziwa, aliyekuwa akijaza kundi zima kwa vichekesho. Ilikuwa siku yake ya tatu pale, hakuwa amesimulia lolote la huko, na Costancia hakuwa amemuuliza. Alimwamkia Mwanne kwa heshima, sauti ikitoka chini.

"Huyu ni Mwanne, mdogo wake Kasiani," Costancia alisema. "Kasiani mwenyewe kazi zimembana Kilosa."

Obed alimtazama Costancia, kisha akamtazama Mwanne.

"Kasiani gani?"

"Kasiani si ni mmoja tu. Wa Mbumi. Yule aliyeghairi safari."

"Hakughairi," Obed alisema. "Tumelala naye chumba kimoja miezi sita."

Lori likapita. Costancia akasubiri kelele ziishe, kama mtu anayedhani atakuwa amesikia vibaya, lakini Obed hakurudia. Badala yake alianza kusimulia taratibu, akimwelekea Mwanne, kwa kuwa aliamini ndugu wa mtu ndiye mwenye haki ya kusikia. Alisema Kasiani ndiye aliyewafundisha kufikisha idadi ili wasipigwe. Alisema usiku aliwahesabu kitandani mmoja mmoja, kwa mkono, gizani. Alisema lile shati alikuwa analifua kila Jumapili na kulivaa bichi, maana lingeibwa kwenye kamba. Mwanne alisikiliza kila neno akiomba liwe la mwisho.

"Siku ya kutoka, walikuja askari wa huko na watu wa shirika," Obed alisema. "Tukapangwa foleni, wakaita majina. Kasiani alikuwa nyuma yangu. Jina lake halikuwemo. Akasema mimi ni Mtanzania, natoka Kilosa, akataja mpaka jina la mama. Yule mwenye orodha akapiga simu, akaambiwa Kasiani yuko nyumbani kwao, ameandika mwenyewe. Basi wakamwona anatumia jina la mtu. Wakamtoa kwenye foleni."

"Halafu?" Mwanne aliuliza. Sauti yake hakuitambua.

"Akaambiwa asubiri orodha nyingine. Kesho yake tukasikia waliobaki wamehamishwa. Wapi, sijui, dada. Nikikwambia najua nitakudanganya."

Costancia alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alitoa simu yake mfukoni mwa gauni, akaitafuta siku aliyoitaka, na hakuharakisha.

"Simu hiyo niliipokea mimi," alisema. "Ilikuwa Alhamisi mchana. Waliniuliza wewe si ndiye uliyetupa majina, huyu wa nne ni nani. Nikawaambia subirini. Nikamwandikia." Akamgeuzia Mwanne kioo.

Yalikuwa maneno mafupi. Kaka, upo? Na chini yake, dakika hiyohiyo: Nipo dada, nachapa kazi.

Mwanne aliikumbuka Alhamisi ile. Zilikuwa picha za soko, watu wengi, kazi ya malipo mazuri, na alijibu bila hata kufikiri kwa kuwa hakutaka kupoteza kasi.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyejibu. Na mwezi wa nne ni mimi. Yeye aliondoka Januari na hajarudi."

Alitarajia watamtukana, na angeshukuru. Costancia aliinuka akaenda kwenye jiko la mkaa, akainua birika, akalirudisha palepale, akasimama ameshika ukuta. Obed alitazama mkeka.

"Alikuwa anakutaja sana," Obed alisema. "Akaunti alikuwa anaizungumzia kama mtu anayezungumzia shamba lake. Anasema mdogo wangu hawezi kuiacha ilale. Alijivunia wewe."

Kwa hilo Mwanne alilia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Baadaye, kabla Mwanne hajaondoka, Obed alimwomba Costancia aonyeshe picha aliyokuwa nayo kwenye simu. Yeye mwenyewe hakugusa simu. Tangu arudi hakuweza hata kukitazama kioo cha simu, alikuwa anageuza kichwa. Picha ilipigwa na watu wa shirika getini, siku ya kutoka, kwa ajili ya kumbukumbu zao. Wanaume wamesimama mstari mbele ya seng'enge, wa mataifa mbalimbali, wote wakondefu, wengine wamejaribu kutabasamu. Mwanne alifanya kitu ambacho mikono na macho yake yalikuwa yamezoea: akaanza kushoto, mtu mmoja mmoja, kichwa mpaka miguu. Oswald. Wawili asiowajua. Innocent. Obed, mkono mmoja nyuma. Wengine watatu. Akafika mwisho wa mstari, akaendelea, mpaka kwenye ukingo wenyewe wa picha, ambako wavivu hawafiki.

Kulikuwa na kipande cha bega. Kaki iliyopauka, kamba ya begani, na kifungo chekundu.

"Alisimama palepale mpaka tulipopakiwa," Obed alisema bila kutazama. "Walimsogeza asiingie kwenye picha."

Costancia alimsindikiza mpaka barabarani. Hakuwa amemsamehe na hakujifanya. Alisema shirika halitaongeza jina kwa maneno ya mdomo, kwa sababu liko andiko linalosema mtu huyo yuko kwao. Atawatumia maelezo ya ndugu, lakini hayo peke yake hayatatosha.

"Mimi siwezi kuyafuta maneno yako," alisema. "Akaunti iliyosema yuko, ndiyo iseme hayuko. Mbele ya watu wote, palepale ulipoandika."

"Wataifunga."

"Wataifunga," Costancia alikubali.

"Na watampata?"

Costancia alitazama malori. "Sijui, mdogo wangu. Tangu Julai ni siku nyingi. Lakini sasa hivi hakuna hata anayemtafuta."

Jumapili asubuhi Mwanne aliketi pale anapoketi kila siku. Kitone kikawaka. Alikuwa hajalala vizuri, na kichwani alikuwa ameshaijenga njia ya kukwepa: amwandikie Costancia barua, aifiche akaunti miezi miwili mpaka mambo yatulie, atafute njia ya tatu. Aliipitia njia hiyo, akaona ilikuwa ileile ya mwezi wa nne, imevaa nguo nyingine. Akaona pia kwamba hata sasa, baada ya yote, kitu fulani ndani yake kilikuwa kinaionea huruma akaunti. Miaka minne ya kaka yake. Miezi saba yake, bila kusahau mtu. Alijichukia kwa huruma hiyo, lakini haikuondoka kwa kuchukiwa.

Alifungua ile picha ya getini, aliyotumiwa na Costancia. Akachukua kifaa chake cha kazi, akaanzia kwenye kamba ya shati, akashuka, akafunga pale picha ilipoishia. Boksi lilikuwa dogo sana. Akahakikisha halikubakiza hewa wala halikukata uzi, akaipeleka picha kundini, akaandika chini yake. Salamu ya wakuu hakuiweka.

"Huyu aliye ndani ya boksi ni Kasiani, mwana wa Cosmas, wa Mbumi, Kilosa. Alisafiri Januari pamoja na Obed, Oswald na Innocent. Hakughairi. Mimi ni Mwanne, mdogo wake. Aliyewajibu mwezi wa nne ni mimi, na aliyekuwa anawaka hapa kila siku ni mimi. Naomba jina lake liandikwe."

Akatuma kabla mkono haujamwambia vingine.

Aliona watu mia na kitu wameusoma ujumbe. Kisha mmoja akaandika kilio. Mwingine akaandika tusi, akalifuta, akaliandika tena. Costancia aliandika: nimepokea, napeleka sasa hivi. Mwanne alikuwa anasoma jibu la tano pale ukurasa ulipogeuka mweupe na maandishi machache ya Kiingereza katikati. Akaufungua kwenye simu. Jina la Kasiani lilikuwepo bado, na picha yake ya jua. Kitone kilikuwa cha kijivu.

Nyayo za ndara zikasikika koridoni. Bi Mwanvua alikuja na beseni, la mchicha leo, akasimama nyuma ya kiti kama desturi yake, akainama. Alitafuta. Akasogeza uso karibu zaidi.

"Leo hajaamka?"

Mwanne aliteremsha miguu kutoka kwenye stuli, akaipangusa stuli kwa kiganja, akamsogezea mama yake.

"Kaa kwanza, mama. Kuna kitu nataka ukitazame."

Mama aliketi, beseni mapajani. Mwanne alimshikia simu yenye ile picha ya getini, na kabla hajaonyesha popote, kidole cha mama kilikuwa kimeshawapita wanaume wote wale na kusimama kwenye ukingo, juu ya kifungo.

"Hiki nilikishona mimi," alisema.

Akatabasamu, kwa mara ya mwisho siku ile. Kisha akabonyeza kioo pembeni, palepale picha ilipoishia, akavuta kwa kidole, na kuvuta tena, akitaka isogee imfungulie waliobaki.

"Na huku?" aliuliza.

Mwanne alimwondolea beseni mapajani, akaliweka sakafuni, akaanza kumsimulia, kuanzia mwezi wa nne.